Inveta Niliyoipima kwa Mkono

Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililisoma miaka miwili, kwa sababu ule mwaka wa kwanza niliumalizia shambani nikifukuza ndege. Kwa hiyo atakayekuta makosa humu asinicheke sana. Naandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, na mkono ukichoka naacha mpaka kesho yake.

Ninachotaka kueleza ni habari ya inveta, kile kiboksi kinachochukua moto wa betri ya gari na kuugeuza uwe umeme kama wa nyumbani, ukachomeka redio, feni, chochote. Miaka ya tisini vilikuwa bado vigeni kwetu Ifakara. Nataka kueleza nilivyokichagua cha kwangu, na mke wangu alivyokufa. Nasema mapema kwamba alikufa. Sipendi mtu asome huku anatumaini halafu mwishoni nimwangushe. Mimi nilitumaini siku ile nzima, najua kunavyouma.

Lakini kwanza niseme habari ya mkono wangu, maana bila mkono huu mengine hayaeleweki.

Kazi yangu ilikuwa mpunga. Niliununua vijijini, Mofu na kwingine kandokando ya mto, nikauleta mjini mashineni kukoboa. Na mpunga ni mwongo. Kuna punje nono, na kuna pepe. Pepe ina ganda zuri, rangi ileile ya dhahabu, ukiiweka kiganjani macho hayawezi kuitofautisha na mwenzake, lakini ndani hamna kitu. Wakulima wengine walikuwa wanayajaza mapepe katikati ya gunia, juu na chini wanaweka mpunga safi. Mimi nilikuwa sifungui gunia. Nalishika pembe moja, nalinyanyua kidogo, nalirudisha chini, nasema: "Hili lina mapepe." Wanalifungua, wanayakuta. Sikuwahi kukosea, au niseme ukweli, nilikosea mara chache na hizo sikumwambia mtu. Watu wakibishana pale mashineni walikuwa wanasema, "Mwiteni yule mwenye mkono."

Mtu akisifiwa hivyo miaka ishirini kichwa kinavimba. Nikaanza kupima kila kitu kwa mkono: majembe, viatu, sabuni. Hata mchumba wa binti yangu alipokuja kujitambulisha nilimpa mkono nikaupima, nikasema huyu mzito, na aoe. Na kweli alikuwa mzito, mpaka leo hajawahi kuharakisha kazi yoyote.

Basi. Mke wangu alikuwa na pumu. Ilimwanza baada ya mtoto wetu wa tatu, kidogo kidogo, msimu huu anabanwa, msimu ule anaachiwa. Kufikia miaka hiyo ya tisini ilikuwa imekaa. Alikohoa, akakonda, mabega yakapanda juu kama mtu anayetaka kusema "sijui". Na nyie mliokuwepo mnakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Mtu akikonda na kukohoa, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walitazamana tu. Ule ugonjwa ulikuwa unazoa watu, na hakuna aliyeutaja kwa jina lake. Walikuwa wanasema, "Huyo amekanyaga waya." Wanasema hivyo huku wanacheka kwa pembeni, halafu wiki ya pili wewe uliyecheka unasemwa umekanyaga waya.

Mke wangu alikuwa hajakanyaga waya wowote. Alipimwa, karatasi nikasomewa na daktari mwenyewe. Lakini karatasi ya hospitali huwezi kuitundika mlangoni.

Kulikuwa na sista mmoja mzungu, mzee, aliyefanya kazi zahanati miaka mingi. Alipokuwa anarudi kwao alimwita mke wangu akampa mashine yake ndogo ya kuvuta dawa. Ilikuwa ya rangi ya majivu, ukubwa wa mkate wa kopo. Unaichomeka ukutani, unamimina dawa ya matone kwenye kikombe chake, inanguruma, na kwenye mpira unatoka ukungu wa dawa. Mgonjwa anaweka ile barakoa mdomoni anavuta. Robo saa, kifua kinafunguka. Mke wangu aliiita paka, kwa sababu ya ule mngurumo. "Baba watoto, nipakatishe paka wangu," ananiambia, na mimi najua amebanwa lakini hataki kusema amebanwa.

Nyumba yetu ilikuwa Mlabani, hapo mjini, na umeme ulikuwepo, siku ambazo ulikuwepo. Kwa hiyo nyumbani tuliishi naye paka vizuri, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Mnaelewa kwa nini pazia. Mwanamke amekonda, anasemwa amekanyaga waya, halafu wapita njia wamwone ameshika mashine yenye waya unaoingia mdomoni? Wangetunga wimbo.

Sasa ikaja mavuno. Kwetu mavuno mtu haendi asubuhi akarudi jioni. Nyumba nzima inahama. Unafunga vyombo, kuku, mikeka, unakwenda kukaa kwenye dungu shambani, kile kibanda cha juu ya miti, wiki tatu, wiki nne, mpaka gunia la mwisho limeshonwa. Mji unabaki na wenye ofisi na wagonjwa. Shamba letu lilikuwa upande wa Mofu, hakuna nguzo ya umeme hata moja. Nikamwambia mke wangu mwaka huu abaki.

"Sibaki," akasema.

"Vumbi la mpunga litakumaliza."

"Na maneno ya hapa yananinenepesha?"

Akaendelea kukunja nguo.

"Nikibaki hapa peke yangu," akasema, "watasema umenikimbia ili nife. Heri nikae shambani na paka wangu."

"Paka atakula nini huko? Hakuna umeme."

"Wewe si una gari?"

Nilikuwa na Landrova kuukuu, pikapu, niliyoinunua ikiwa haina milango, nikaitafutia mlango mmoja mmoja kama mtu anayetafutia watoto sare za shule. Nikakumbuka dereva mmoja wa lori niliyekaa naye nusu siku pale Kivukoni, enzi hizo daraja hakuna, tunasubiri pantoni, tunakula samaki wa kukaanga. Aliniambia yeye ndani ya lori lake ana inveta, anachomeka feni analala kama yuko hotelini. Nilidhani ananidanganya. Sasa nikaona ndiyo dawa yenyewe. Nikamwambia mke wangu, "Nitakununulia umeme wako." Akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi.

Duka la vitu vya umeme lilikuwa la mama mmoja hapohapo Mlabani. Mume wake alikuwa fundi redio, akafariki, duka likabaki kwa mkewe, na ufundi pia. Alikuwa anafungua redio za watu mezani, miwani imefungwa uzi. Nilipoingia, kwenye benchi alikuwa amekaa jirani yangu wa mtaani, anasubiri redio yake. Jirani huyo mdomo wake ulikuwa unafika Mahenge kabla ya basi. Nilipomwona tu, nikaimeza habari ya pumu.

"Shikamoo mzee," yule mama akanisalimu.

"Marahaba. Nataka kile kitu cha kutoa umeme kwenye gari."

"Inveta. Zipo mbili tu. Unataka kuendeshea nini?"

Jirani akageuza shingo yote.

"Redio," nikasema. "Na taa. Na feni."

"Tobaa!" jirani akadakia. "Mzee anahamishia hoteli shambani! Nije na mkeka?"

"Njoo na jembe," nikamwambia.

Yule mama hakucheka. Alinitazama juu ya miwani. "Feni ndogo ya mezani haina tabu. Hakuna kitu kingine? Friji, pampu, kitu chochote chenye mota ya kusukuma?"

"Hakuna."

Neno moja hilo. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Akaziweka inveta zote mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba, ya bati jepesi linalong'aa, ina mapezi mapezi kama samaki. Ya pili ilikuwa chuma cheusi, nene, ina mkono wa kubebea. Nikafanya kile ninachofanya. Nikainua ile ya bati, nikairudisha. Nikainua ile nyeusi, mkono ukashuka, nikaipenda palepale.

"Hii ya bati ni pepe," nikasema.

"Mzee, huu si mpunga," yule mama akasema.

"Mama, kila kitu ni mpunga."

Jirani akapiga paja. "Mwenye mkono huyo! Usibishane naye!"

"Mimi sibishani," yule mama akasema. "Namsomea. Hii ya bati imeandikwa wati mia sita. Hii nyeusi wati mia na hamsini. Uzito wake ni chuma na waya wa shaba, ni ya kizamani tu. Wewe unataka moto wa kuwasha, au moto wa kusukuma?"

"Moto ni moto."

"Hapana, mzee. Moto wa taa unakwenda polepole, ulioanza nao ndio unaomaliza nao. Lakini mota ikiamka inavuta kwa nguvu mara tatu, mara nne, halafu ndiyo inatulia. Mfano ng'ombe wa jembe. Hatua ya kwanza ndiyo inayokata kamba. Ndiyo maana nakuuliza. Kama kuna kitu kingine nyumbani, kilete, tukichomeke hapahapa tuone. Sikudai kitu kwa kujaribu."

Mtu mwenye akili angesema, mama, naomba tuongee nje kidogo. Hatua tano tu, jirani asingesikia. Nilijua kabisa kwamba paka ana mota ndani, nilikuwa nimemsikia akinguruma mwaka mzima. Lakini nilimtazama yule jirani, nikaona anavyosubiri, nikasema tena, "Redio, taa na feni. Unanisomea tena ili unichanganye?" Nikasema na neno lingine baya, kwamba mwanamke anifundishe mimi moto. Yule mama akachukua betri, akabana vibanio, akaichomekea ile nyeusi globu. Globu ikawaka nyeupe pee. Jirani akashangilia.

"Kwa redio, taa na feni itakufaa," yule mama akasema, akaandika risiti. "Hata itadumu kuliko hii ya bati."

Wapo waliosema baadaye nilibania pesa, kwa sababu ile ya bati ilikuwa ghali zaidi. Sikubania. Nilikuwa nimetoka kuuza gunia za mwaka jana, pesa ilikuwa mfukoni. Ingekuwa ni pesa ningelala usingizi.

Nyumbani nikaifunga kwenye Landrova. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu, uwanja umejaa watu waliokuja kuona gari linalowasha taa. Nikawasha globu, wakapiga vigelegele. Nikachomeka redio, ikaimba. Mke wangu alikuwa ndani nyuma ya pazia. Akaniita dirishani kwa sauti ya chini.

"Sasa mlete paka tumjaribu."

"Watu wamejaa. Ngoja waondoke."

Hawakuondoka. Wakakaa wanasikiliza redio ya gari kana kwamba redio ya ndani ya nyumba ilikuwa inasema maneno mengine. Asubuhi yake tukapakia tukaondoka. Paka nilimzungushia kitenge nikamweka ndani ya sufuria kubwa ya ubwabwa, nikafunika na mfuniko, ili anayetusaidia kupakia asione waya.

Shambani siku za kwanza zilikuwa nzuri. Naziandika hapa kwa sababu zilikuwepo. Mvua zilikuwa zimeacha, ardhi ya juu imekauka ingawa mabondeni bado kulikuwa na tope jeusi. Mke wangu alipata hamu ya kula. Alikaa kwenye dungu, upande ambao upepo unatokea, anapika, anawagombeza wavunaji kwa kuacha masuke. Kila baada ya siku mbili tatu ananiambia, "Tumjaribu paka." Na mimi namjibu, "Dawa yenyewe ni matone machache, na betri itaisha moto bure." Sikujua kwamba unaweza kumjaribu bila dawa. Au nilijua. Sasa hivi siwezi kuapa. Nadhani nilikuwa naogopa kidogo, yale maneno ya ng'ombe na hatua ya kwanza yalikuwa yamenikaa sikioni, na mtu anayeogopa jibu haulizi swali.

Jirani yetu wa shamba alikuwa Msukuma, mtu mzima kama mimi, aliyekuja na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Mwanzoni tuligombana vibaya, ng'ombe waliingia kwenye mpunga wangu, tukapelekana kwa mwenyekiti. Baadaye tukazoeana. Alikuwa anapita asubuhi anasalimia "Mwangaluka!" na mke wangu anamjibu "Mwangaluka!" kwa sauti kubwa kuliko yake, anampa chai. Alipenda kuichokoza Landrova yangu.

"Mzee mwenzangu, ng'ombe wako huyu anakula mafuta, wangu wanakula majani. Siku akilala njiani utaniita."

"Nitakuita uje umchinje," namwambia.

Ile siku tulikuwa tunapiga mpunga. Turubai limetandikwa, watu wanachapa kwa fimbo, wanawake wa vibarua wanapepeta kwa ungo. Upepo ulikuwa umegeuka tangu asubuhi, sikuuangalia. Mke wangu akashuka kwenye dungu. Alikuja akachota mpunga uliokwisha kupepetwa, akaumwaga kiganjani, akatia mdomoni punje mbili akang'ata.

"Haya ni mapepe matupu," akawaambia wale wanawake. "Mnapepeta au mnabembeleza? Lete ungo."

"Mama, kaa, sisi tutarudia," mmoja akasema.

"Utarudia lini? Lete."

Nilimwona. Nilikuwa hatua ishirini, nashona gunia. Nilijisemea atapepeta ungo mmoja, moyo wake utulie, arudi. Alipepeta kama wanne. Alikuwa anajua kupepeta, mapepe yanaruka yote yanakwenda na upepo, na upepo ulikuwa unamrudishia usoni. Halafu akauweka ungo chini taratibu, akashika magoti. Nikajua. Alipoinua uso midomo ilikuwa imeshabadilika rangi.

Nikambeba mpaka kwenye gari nikamkalisha kiti cha mbele. Nikatoa paka kwenye sufuria mbele ya watu wote. Hapo sikujali tena nani anaona, na hilo ndilo linalonichoma: haikunigharimu kitu. Hakuna aliyecheka. Wale wanawake walisimama na nyungo zao, mmoja akaanza kumpepea kwa ungo, nikamfokea kwa ajili ya vumbi.

Nikawasha injini ili betri isichoke. Nikawasha inveta, kitaa cha kijani kikawaka. Nikamimina dawa, nikamvalisha barakoa, nikachomeka.

Paka akasema "ng'!" Mara moja, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Inveta ikalia "tiii", kitaa kikageuka chekundu. Kimya.

Nikazima, nikawasha. Kijani. Nikachomeka. "Ng'!" Tiii. Nyekundu.

Nilifanya hivyo mara ngapi sijui. Mke wangu alikuwa ananitazama juu ya barakoa. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Nikakanyaga mafuta mpaka gari zima likatetemeka. Paka akajitahidi, nakwambia alijitahidi, alinguruma kama sekunde tatu, ukungu ukaanza kutoka, mke wangu akafumba macho akavuta. Halafu tiii. Pakatoka harufu ya kuungua kutoka kwenye chuma cheusi.

Akaivua barakoa mwenyewe. Akanishika mkono, mkono huuhuu wa kulia.

"Twende," akasema. Ilikuwa pumzi moja, neno moja.

Kutoka pale mpaka Ifakara kwa kiangazi ni safari ya asubuhi. Siku ile njia ya juu ilikuwa nzuri, nikakimbia mpaka nilipofika lile bonde la mwisho kabla ya barabara kubwa. Mtu anayeharakisha hachagui alama za matairi. Niliingia upande mbaya, Landrova ikazama mpaka kwenye ekseli. Nikaruka nje, nikachimba kwa mikono. Nilipogeuka nikamwona yule jirani yangu Msukuma anakuja mbio na ng'ombe wanne na nira begani. Wale wanawake walikuwa wamemwambia, akajua nitakwama wapi, akakata kwa njia ya mkato ya ng'ombe. Hakutania hata neno.

"Kaa kwenye usukani, mzee mwenzangu. Usitie mafuta mengi, waachie wao."

Akafunga mnyororo. Akawasemesha ng'ombe wake kwa Kisukuma. Wakainamisha shingo, mnyororo ukakaza, na pale kwenye hatua ya kwanza mnyororo ukakatika.

Nilikaa kwenye usukani nikasikia ile sauti ya mnyororo, nikamsikia yule mama wa duka waziwazi kama amekaa katikati yetu.

Aliufunga upya kwa kukunja mara mbili. Ng'ombe wakavuta tena, Landrova ikatoka. Sijui tulikaa pale muda gani. Nilipogeuka kumwambia mke wangu tumetoka, alikuwa ameegemea mlango, ameniangalia, na ile filimbi ya kifua ilikuwa imenyamaza. Nikafurahi. Nilidhani kifua kimefunguka. Nikamwambia, "Unaona? Umepata nafuu." Yule Msukuma akaja dirishani upande wake, akamtazama, akavua kofia.

Sikurudi shambani, niliendelea kwenda Ifakara, sikujua pa kwenda kwingine. Nilimfunga kwa kitenge cha paka ili asidondoke. Njiani watu walitusalimia, walidhani amesinzia, na mimi nikawapungia mkono. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nimeliandika hapa.

Msiba ulikuwa nyumbani Mlabani. Watu walijaa, na yule jirani mwenye mdomo alilia kuliko wengi, na bado nilisikia nyuma ya nyumba sauti inasema, "Waya haumwachi mtu." Siku ya pili akaja yule mama wa duka. Aliniamkia, akanipa pole, akakaa kwenye mkeka na wenzake. Vyombo vya shambani vilikuwa vimerundikwa kwenye kona ya ukumbi, sufuria kubwa juu yake, na waya unaning'inia. Nilimwona anauona. Akainuka kana kwamba anakwenda kusaidia kuosha vyombo. Akamtoa paka, akamgeuza tumbo juu, akashusha miwani akasoma kile kikaratasi cha chini. Akasoma kwa muda mrefu, ingawa maandishi yenyewe ni mistari mitatu.

Nikamfuata.

"Kumbe ilikuwa na mota," akasema, taratibu, asisikie mtu.

"Ilikuwa na mota."

"Inataka mia na themanini ikiwa imetulia. Kuamka ni zaidi." Akamrudisha paka kwenye sufuria, akamfunika. "Ile ya bati ingemwamsha, baba. Ingemwamsha bila hata kuwasha injini."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa namsubiri anitukane, nilimkumbusha hata lile neno langu la dukani, mwanamke kunifundisha moto, ikiwa amelisahau. Hakuwa amelisahau, lakini hakunitukana. Alisema tu, "Mimi ilinipasa nikuulize mara ya tatu. Nilikuuliza mara mbili nikachoka." Akaanza kulia yeye, mimi nikabaki nimesimama.

Mpunga wa mwaka ule jirani yangu Msukuma aliumalizia kuupiga, akauleta mpaka mjini kwa mkokoteni. Sikuupima. Pale mashineni wakaniita kwenye ubishi wao, "Mwiteni mwenye mkono," nikawaambia fungueni gunia muangalie kwa macho.

Inveta ninayo hadi leo. Ilinuka siku ile lakini haikuungua. Nilipoiwasha baada ya mwaka, globu iliwaka, redio ikaimba, na feni ndogo ikazunguka. Haina kasoro. Kila nilichosema dukani kwamba nataka ifanye, inafanya.

Yule mama naye amezeeka, duka bado analo, ingawa siku hizi inveta ziko kila kibanda na vijana wananunua bila kuuliza. Kwake huwezi kununua hivyo. Lazima ubebe kile unachotaka kukiendesha, ukiweke mezani, akichomeke mwenyewe mbele yako. Watu wanamlalamikia kwamba anasumbua, wengine wanakwenda kwa wenzake. Nami hukaa pale kwenye benchi siku nyingine, mahali pa yule jirani. Akiingia mtu akasema anataka ya redio na taa, yule mama ananiangalia, mimi nainuka natoka nje, natembea hatua kama tano. Nikiwa huko namsikia anamuuliza, kwa sauti ya chini: "Na kitu gani kingine, baba?" Anangoja kidogo, halafu anamuuliza tena, halafu anamuuliza mara ya tatu.